Kisu kina watafiti, bandeji haina mwenyewe

Mwaka 2011 madaktari wa Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, walichapisha matokeo ya wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa hospitalini hapo. Wagonjwa 65 walipata maambukizi kwenye mshono, yaani asilimia 26, zaidi kidogo ya mmoja katika kila wanne. Kwa 56 kati yao tatizo lilikuwa la juu juu, kwenye ngozi na nyama iliyo chini yake. Kwa tisa lilikuwa limezama ndani. Ukizisoma namba hizo huku ndugu yako akisubiri kuingia chumba cha upasuaji, lazima ushtuke. Lakini haikuwa aibu ya hospitali moja. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika nchi 66 kuhusu upasuaji wa tumbo, na ukaonyesha kuwa katika nchi zenye maendeleo duni maambukizi ya mshono yalifika asilimia 23.2, wakati katika nchi tajiri yalikuwa asilimia 9.4. Mwanza ilikuwa palepale walipo wenzake.

Kanda ya Ziwa haina uhaba wa tafiti za upasuaji. Kutoka kwenye jengo lile la mlimani ambalo kila mgeni wa Mwanza huonyeshwa, zimetoka makala za kisayansi kuhusu utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo, majeruhi wa pikipiki, pepopunda, mguu wa kisukari, watu waliokatwa viungo. Ni kazi ya kuheshimiwa, na walioifanya ni watu waliokuwa zamu wodini wakiwapasua wagonjwa haohao waliokuwa wakiwaandika. Ila ukizisoma kwa mfuatano unaona jinsi nyingi zinavyofanana: zinaanzia mapokezi na kuishia getini. Umri, jinsia, alipatwa na nini, alilazwa siku ngapi, alipona au alifariki. Kidonda kikishapanda bodaboda kurudi nyumbani, hakuna tena anayekiandika.

Hoja yangu ni kwamba utafiti na mafunzo, vyote viwili, vimefuata kisu. Sehemu kubwa ya kupona iko kwenye bandeji, na bandeji iko mikononi mwa watu wasioulizwa na wasiofundishwa.

Chukua mama aliyejifungua kwa upasuaji. Siku ya tatu au ya nne, kama hana homa na anatembea, anaruhusiwa. Mshono unaanza kutoa maji siku ya saba au ya nane, naye yuko kwao Buchosa au Ukara. Kwa kipimo kinachokubalika duniani, maambukizi ya mshono huhesabiwa mpaka siku ya 30 baada ya upasuaji, kwa sababu inajulikana kuwa mengi hujitokeza mgonjwa akiwa ameshaondoka. Kwa hiyo hospitali inayohesabu waliooza mshono wakiwa wodini tu inajihesabia nusu ya deni. Kwa watu wa Sengerema mambo yamerahisika tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025. Zamani kurudi kliniki kulikuwa ni kupanga siku nzima kwa ajili ya foleni ya kivuko. Wa Ukerewe na visiwa vidogo bado wanaishi kwa ratiba ya maji, na mtu mwenye mshono unaouma hapandi mtumbwi wa injini kwenda kuambiwa "endelea kusafisha".

Anaenda zahanati. Na hapo ndipo ningependa mtafiti aketi kwenye benchi asubuhi moja aangalie. Gozi ya juzi imekauka juu ya kidonda, imeshikana nacho. Muuguzi akiwa na maji ya chumvi na muda, ataimwagia, asubiri ilainike, aibandue taratibu kuanzia pembeni. Asipokuwa navyo, na nje kuna watoto kumi wa chanjo na mjamzito mmoja anayelalamika, ataivuta. Mgonjwa anauma meno, damu inatoka, na kila mtu anaona kidonda "kimesafishwa". Kilichong'olewa ni ile nyama changa nyekundu, yenye vijipunje, ambayo mwili umeitengeneza kwa siku mbili ili ujaze shimo. Kesho kutwa itang'olewa tena. Kuna vidonda vinavyokaa miezi kwa sababu hiyo tu, na kwenye daftari la zahanati kila ziara imeandikwa maneno yaleyale: amesafishwa kidonda.

Mwaloni Kirumba na kwenye mialo mingine utakuta hali yake ya pekee. Mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki au aliyekatwa na kamba ya nyavu hawezi kukaa nyumbani wiki mbili. Anafunga kitambaa, juu yake mfuko wa nailoni (uliopigwa marufuku mwaka 2019 lakini mwaloni haukosekani), anavaa buti, anaingia kazini. Jioni akivua, ngozi yote kuzunguka kidonda imekuwa nyeupe na laini kwa unyevu, na kidonda kimepanuka. Ushauri wa kawaida anaopewa ni "usilowanishe". Ni ushauri sahihi kwa karani. Kwa mvuvi ni sawa na kumwambia aache kula, na kwa jinsi ninavyojua hakuna mtu anayempa mbadala uliopimwa: afunge kwa nini, afungue saa ngapi, apake nini pembeni ili ngozi isioze kwa maji.

Halafu kuna unga wa kapsuli. Kila mtu pwani ya ziwa anaujua: unanunua vidonge vya rangi mbili dukani, unafungua, unanyunyizia juu ya kidonda. Kinakauka juu, kinaonekana kimepona, chini kuna usaha. Hili lingekuwa jambo la elimu ya afya tu kama si kile ambacho utafiti wa 2011 ulikikuta maabara. Kati ya wagonjwa ambao usaha wao uliotesha vimelea, bakteria wa kundi la E. coli na Klebsiella walikuwa wengi, na zaidi ya nusu ya hao walikuwa na uwezo wa kuvunjavunja dawa zile kali tunazotegemea hospitalini. Sisemi kapsuli za dukani ndizo zilizowafanya sugu. Matumizi ya dawa ndani ya hospitali nayo yana mchango wake. Lakini mtafiti anayechukua sampuli wodini bila kuuliza kidonda kilipakwa nini wiki tatu kabla ya kufika, anaanza kusoma kitabu katikati.

Yapo matokeo mawili ya Bugando ambayo kwangu ndiyo yanayoshitaki zaidi, ingawa hayakuandikwa kama mashitaka. La kwanza ni la mwaka 2012: wagonjwa 162 waliokatwa mkono au mguu. Kisukari kilisababisha asilimia 41.9, kikaziacha nyuma ajali zenye asilimia 38.4. Mtu akipita Mabatini au stendi ya Nyegezi akaona watu wenye magongo atasema ni bodaboda. Takwimu inamwambia kisukari ndicho kilichotangulia, na kidonda cha namna hiyo kinaweza kuanza na malengelenge ya kiatu kwenye mguu uliokufa ganzi, ambayo mwenyewe hakuyasikia.

La pili linahusu wagonjwa 56 wenye saratani iliyoota juu ya kovu au donda la zamani. Wengi wao chanzo kilikuwa kuungua moto. Hebu fikiria maana yake. Mtoto aliangukia sufuria la uji au moto wa kukaangia dagaa, ngozi ikaondoka kwa eneo kubwa, hakupandikizwa ngozi, kidonda kikawa kinafunga na kufunguka miaka nenda miaka rudi, mpaka siku moja kikaanza kuvimba kingo na kunuka. Wanaofika hospitali kwa hatua hiyo huishia kukatwa kiungo au kuondolewa nyama nyingi. Wengi wa hao 56 walikuwa na siku, miaka mingi nyuma, ambapo mtu mwenye ujuzi mdogo tu angeweza kusema: hiki hakitajifunga chenyewe, kinahitaji kupandikizwa. Nani alikuwa amefundishwa kusema hivyo, na kwenye kituo gani?

Kwa nini basi utafiti unaishia getini? Jibu halina siri. Sehemu kubwa ya tafiti za upasuaji nchini hutokana na tasnifu za madaktari wanaosomea ubingwa. Kila mmoja lazima aandike yake ndipo ahitimu. Ana mwaka mmoja hivi wa kukusanya takwimu, hana fedha za maana, zamu zake hazipungui, na msimamizi wake ana wanafunzi wengine. Katika mazingira hayo swali linalochaguliwa ni lile linaloweza kujibiwa ndani ya kuta za hospitali, kwa mafaili yaliyopo. Hakuna mwanafunzi atakayejitwisha kumfuata mvuvi wa Ghana, kile kisiwa cha Ukerewe, kwa miezi sita. Akihitimu anaondoka na swali lake. Anayefuata anaanza jingine kutoka mwanzo.

Hili lingeweza kubadilika bila kuongeza mwanafunzi hata mmoja. Idara ikiwa na rejesta moja ya vidonda inayodumu, kila tasnifu ikawa pingili moja katika mnyororo uleule, wa mwaka huu akaandikisha, wa mwakani akafuatilia, wa mwaka wa tatu akajaribisha kitu, baada ya miaka mitano Mwanza ingekuwa na jambo ambalo halipo kwingi Afrika. Simu zipo. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapigia simu akina mama waliozalishwa kwa upasuaji katika hospitali moja ya rufaa hapa Tanzania, wakalinganisha majibu ya simu na kuuchunguza mshono wenyewe ana kwa ana. Simu ilikosa baadhi ya maambukizi, ila iliposema yapo, yalikuwepo. Si chombo kamili. Ni bora mara nyingi kuliko ukimya.

Sasa, swali la nini kijaribishwe. Hapa nina ugomvi kidogo na tabia yetu ya kudhani kwamba maendeleo ya tiba ya vidonda yako kwenye chupa ya bei ghali. Utafiti ule wa 2011 uliona kuwa waliopakwa iodini peke yake kabla ya kupasuliwa walipata maambukizi zaidi. Pia waliowekewa mpira wa kutolea maji, waliopasuliwa kwa saa tatu na zaidi, wavuta sigara, na wenye magonjwa mengine. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likapendekeza klorheksidini yenye spiriti, dawa nyingine ya kuua vimelea, kwa kuandaa ngozi. Ukiviweka pamoja ungesema kesi imekwisha, tununue klorheksidini. Kisha mwaka 2021 likatoka jaribio kubwa la wagonjwa 5,788 katika nchi saba: Benin, Ghana, India, Meksiko, Nigeria, Rwanda na Afrika Kusini. Wagonjwa walipangwa kwa bahati nasibu, nusu klorheksidini yenye spiriti, nusu iodini. Na tena nusu nyuzi zilizopakwa dawa ya kuua vimelea, nusu nyuzi za kawaida. Hakukuwa na faida iliyoonekana kwa cha ghali dhidi ya cha rahisi.

Tofauti kati ya matokeo hayo mawili ni somo zima la utafiti. Mwanza, daktari ndiye alikuwa ameamua nani apakwe nini. Huenda iodini peke yake ilitumika zaidi usiku, kwenye dharura, kwa tumbo lililokwisha chafuka. Kwa bahati nasibu, hilo linaondoka. Ndiyo maana kuhesabu mafaili, hata ukihesabu vizuri, hakutoshi kukuambia ununue nini.

Kundi hilohilo la watafiti, katika nchi zilezile saba, likajaribu kitu cha kijinga kwa jinsi kilivyo rahisi. Kabla ya kufunga tumbo, timu yote ibadilishe glovu na ichukue vifaa visafi. Basi. Kwa wagonjwa 13,301, maambukizi yalishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0, matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Tanzania haikuwa katika jaribio lolote kati ya hayo mawili, na hilo si tatizo kubwa kama tungeuliza sasa: katika hospitali ya wilaya ambako glovu tasa zinahesabiwa na seti ya pili ya vifaa bado iko kwenye mashine ya mvuke, inawezekana? Vifaa vikiwa seti moja, glovu peke yake zinasaidia kiasi gani? Hayo ni maswali ya Misungwi na Magu, na hakuna mtu wa London atakayetuulizia.

Asali nayo. Tuna Tabora hapo jirani, na bibi zetu walipaka asali bila kusubiri ruhusa. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa 2015 ulikuta kwamba asali huponyesha majeraha ya moto yasiyo ya kina haraka kuliko vifungio vya kawaida, na mishono iliyooza haraka kuliko dawa za kuua vimelea pamoja na gozi. Kwa madonda ya aina nyingine ushahidi haukuwa na nguvu. Ila asali ya kwenye majaribio ni moja, na ya chupa ya Konyagi kando ya barabara ni nyingine. Kati ya hizo mbili kuna tasnifu kadhaa zinazosubiri mwenyewe.

Upande wa mafunzo, tuna historia ambayo hatuitumii. Madaktari wasaidizi wamekuwa wakizalisha kwa upasuaji wilayani kwa miongo mingi. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa mikoa ya Mwanza na Kigoma, enzi hizo Geita ikiwa bado ndani ya Mwanza, uliopitia operesheni kubwa za uzazi zaidi ya 1,000. Nyingi mno zilifanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakutofautiana kwa maana yoyote na ya madaktari wenye shahada. Waliokuwa na mashaka walipaswa kunyamaza siku ile. Mkono unafundishika kwa kurudiarudia chini ya jicho la mtu anayejua, na cheti kinafuata nyuma.

Lakini sisi tunafundishaje? Kwa semina. Siku mbili hotelini, projekta, chai na sambusa, posho, picha ya pamoja. Mwaka 2006 watafiti wa Kanada waliwagawa madaktari 38 waliokuwa wakisomea upasuaji katika makundi mawili, wote wakajifunza kuunganisha mishipa midogo ya damu kwa vipindi vinne vilevile. Kundi moja lilivimaliza kwa siku moja, jingine kipindi kimoja kila wiki. Baada ya mwezi, wa kila wiki waliwaacha wenzao mbali. Hakuna gharama ya ziada katika matokeo hayo, ni kalenda tu. Kongoro la ng'ombe kutoka buchani lina ngozi nzuri ya kushonea. Maganda ya ndizi yanatosha kumfundisha mtu kutokaza uzi mpaka ngozi ikafa. Ijumaa saa nane, nusu saa, kila wiki, kituo cha afya chochote kinaweza. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama pembeni, na posho haimo, kwa hiyo haifanyiki.

Mfano wa kunakili tunao humu humu nchini. Mradi wa mguu wa kisukari ulioitwa Step by Step, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliwachukua watu wawili wawili kutoka hospitali moja, daktari na muuguzi, ukawarudisha tena baada ya mwaka kwa hatua ya pili. Mambo hayo mawili, jozi na kurudi, ndiyo karibu kila semina ninayoijua inayaacha. Muuguzi akifundishwa peke yake anarudi kukuta daktari anayeagiza gozi kavu. Daktari akifundishwa peke yake, hata hafungi kidonda.

Kanda ya Ziwa pia ilipata mradi wa Safe Surgery 2020, uliopimwa kwa kulinganisha vituo 20, 10 vikipewa msaada na 10 vikiachwa kama vilivyo. Ndani yake kulikuwa na kazi ya pamoja chumbani, usafi, na jambo lisilomvutia mfadhili yeyote: kujaza mafaili kikamilifu. Faili lisilo na tarehe ya kutolewa nyuzi haliwezi kufanyiwa utafiti na mtu yeyote, awe profesa au mwanafunzi.

Nitaulizwa nani atalipa. Mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na ganzi wa 2018 hadi 2025 umefika ukomo wa miaka yake, na unaofuata ndio mahali pa kuandika mstari wa gozi. Mgonjwa mwenye kidonda cha kufungwa kila baada ya siku moja kwa wiki sita anahitaji ziara zaidi ya ishirini. Kila ziara ina nauli, gozi, glovu, maji ya chumvi, na siku ya kazi iliyopotea, kwake na kwa anayemsindikiza. Upasuaji wenyewe unaweza kuwa umelipiwa na bima, na msamaha unaweza kupatikana kwa mjamzito au mzee. Ziara ya kumi na nne kwenye zahanati hailipiwi na mtu ila yeye, na ndiyo anayoiruka kwanza. Hesabu hiyo, ya shilingi ngapi zinatoka mfukoni mwa nani kuanzia getini mpaka kidonda kinapofunga, inaweza kufanywa na muuguzi anayesoma shahada pale pale Mwanza, kwa simu, daftari na wagonjwa hamsini. Ningeanza na hiyo kabla ya kununua mashine yoyote ya mafunzo.